Mkitukatia Tiketi, Hesabuni Saa Kuanzia Mlangoni

Hapa Membley, Ruiru, nyumba nyingi zina mtu aliye ng'ambo. Ghorofa iliyojengwa kwa mshahara wa muuguzi wa New Jersey hulindwa na wazazi wake. Duka la pembeni lilifunguliwa na kijana anayeendesha lori huko Texas, na mamake ndiye anayeuza. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 5 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Pesa hizo hufika kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa simu. Lakini mzazi akiitwa kwenda kumlea mjukuu mchanga, yeye huenda na magoti yake, presha yake na usingizi wake, na hapo safari huwa jambo lingine kabisa.

Nataka kuizungumzia safari hiyo kwa sababu naona watoto wetu wakiipima vibaya, tena kwa mapenzi. Mtoto akimtafutia mama yake tiketi, huipanga orodha kwa bei na kuchukua ya bei nafuu kabisa. Kisha hupiga simu: "Mama, ni ndege mbili tu, utakuwa hapa kesho." Msimamo wangu ni huu: mtu aliyevuka miaka sitini asikatiwe tiketi kwa kutazama bei kwanza. Zihesabiwe saa zote, tangu anapofunga mlango wake Membley hadi anapofunguliwa mlango wa nyumba atakayolala, na ihesabiwe pia ni mara ngapi atashuka na kupanda njiani. Bei ije baada ya hayo.

Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za Thika na Ruiru hadi nilipostaafu, na binti yangu mkubwa anaishi Jersey City, mji ulio ng'ambo ya mto Hudson ukitazama New York. Kwa hiyo somo nililokuwa nikilifundisha kwa chaki sasa nalisoma kwa miguu.

Darasani nilikuwa na tufe la dunia na kipande cha uzi. Nilimwita mwanafunzi achukue rula, apige mstari kutoka Nairobi hadi New York kwenye ramani ya ukutani. Mstari wake ulipita Nigeria na Mali ukatokea baharini upande wa Mauritania. Kisha nikampa uzi aunyooshe juu ya tufe, aukaze. Uzi ulikataa kupita huko. Ulipanda kaskazini zaidi: Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, ukavuka Morocco na kuingia Atlantiki, ukafika hata juu kidogo ya latitudo ya New York kabla ya kuteremka. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya dunia iliyo mviringo, na urefu wake ni kilomita 11,830 hivi. Wanafunzi walikuwa wakishangaa sana, na mimi nilifurahia mshangao huo kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Uzi ule ule unaeleza kwa nini tiketi mbili zenye ndege mbili kila moja si sawa. Ukipitia London, umbali unaongezeka kwa kilomita 550 hivi tu, kwa sababu London haiko mbali sana na njia. Amsterdam inaongeza kama 700. Lakini ukipitia Doha, unaanza kwa kwenda kilomita 3,350 upande wa kaskazini mashariki, huku New York ikiwa kaskazini magharibi. Ukifika huko bado umebakisha karibu 10,800. Dubai ni mbali zaidi kidogo. Mzee anapewa zaidi ya kilomita 2,000 za ziada angani, na anaambiwa ni ndege mbili tu. Viwanja vya Ghuba ni vizuri, na kwa anayekwenda India au China haviko mbali sana na njia. Kwa anayekwenda New York, haviko njiani.

Sasa tuje kwenye saa. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Marekani kukubali Februari 2017 kwamba usimamizi wa usalama wa anga nchini Kenya umefikia daraja la kwanza. Ndege iliyotumika ni Boeing 787-8, yenye viti 234. Ratiba ya mwanzo ilionyesha ndege ikiondoka Nairobi saa tano na dakika ishirini na tano usiku na kutua New York saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Mtu akisoma haraka ataona saa saba. Ni saa 15. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wao wakisogeza saa zao mbele, tofauti huwa saa saba. Ndege ya kurudi iliondoka saa sita na dakika ishirini na tano mchana na kufika Nairobi saa nne na dakika hamsini na tano asubuhi ya kesho yake: saa kumi na nne na nusu.

Kwa nini kurudi ni haraka kuliko kwenda? Wanafunzi wengi walinijibu kwamba ni kwa sababu dunia inazunguka. Wengine waliuliza kwa nini helikopta haisimami tu angani juu ya Ruiru ikingoja Marekani ipite chini yake. Ni swali zuri, na jibu ni kwamba hewa inazunguka pamoja na dunia. Kinachobadilisha muda ni upepo. Juu sana, mahali ndege kubwa zinapopita, kuna mikondo ya upepo inayovuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya kaskazini. Ukielekea New York unaukabili upepo huo, ukirudi unakusukuma.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa nyanda za juu tunalisahau. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, nzuri kwa wanariadha na kwa kahawa ya Ruiru 11 iliyozalishwa na watafiti wa hapa kwetu, lakini ni shida kwa ndege nzito. Mabawa hushika hewa kidogo na injini pia hupata hewa kidogo, hivyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huhitaji kukimbia sana kabla ya kuinuka. Barabara ya kurukia pale ina urefu wa mita 4,117, na usiku, hewa ikipoa, kazi huwa nafuu. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya kuondoka usiku kufae. Ndege hiyo ilipangiwa marubani 4 ili wapokezane kulala. Safari inayohitaji marubani wanne, mzee wa miaka sabini ataifanya peke yake, akiwa ameketi kiti cha katikati.

Tumetoka mbali, ni kweli. Tarehe 7 Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya waliondoka Nairobi katika ndege ya kukodi iliyopangwa kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, wakatua New York tarehe 9. Uwanja waliotua uliitwa Idlewild. Desemba 1963 ulipewa jina la John F. Kennedy, ambaye familia yake ilikuwa imechangia nauli za kundi la mwaka 1960. Katika kundi hilo alikuwamo Wangari Maathai. Miaka ya utoto wangu kijijini, mtu akisindikizwa kwenda Marekani, wanawake walilia kama msibani, maana walijua huenda wazazi wake wakazikwa kabla hajarudi. Leo mtu anakula chakula cha jioni Kenya na kunywa chai ya asubuhi New York. Ninaithamini sana njia hiyo ya moja kwa moja, na ninataka Wakenya wajue ni nini hasa wanachonunua wanaponunua tiketi yake. Wananunua kutoshuka njiani.

Niieleze safari yangu kama ilivyo. Ndege ikiwa ya saa tano na nusu usiku, uwanja unataka nifike saa tatu kabla. Kutoka Membley hadi uwanjani ni kilomita 30 hivi kupitia Eastern Bypass. Usiku wa manane ni mwendo wa dakika arobaini. Jioni, watu wakirudi nyumbani, foleni huanza Kamakis na hujirudia Utawala, na hapo hakuna anayekuahidi chochote. Naondoka saa kumi na mbili jioni, wakati mwingine mapema zaidi. Pale kizuizi cha usalama abiria hushuka garini na kutembea kupita mashine, kisha hupanda tena. Kwa mwenye nyonga mbovu hiyo nayo ni sehemu ya safari. Ukifika huko ng'ambo kuna foleni ya uhamiaji, mabegi, halafu mwendo wa gari kuvuka New York hadi Jersey City, ambao asubuhi ya kazi unaweza kupita saa moja na nusu. Jumla, hata kwa ndege ya moja kwa moja, ni kama saa 23 kutoka mlango hadi mlango. Saa nane kati ya hizo ni za chini.

Hapa natoka kidogo kwenye njia, lakini si mbali. Barabara ya Thika iliyopanuliwa ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, na Eastern Bypass imepanuliwa baadaye. Watu wa Ruiru, Juja na Thika ni wengi, na wasafiri wa ng'ambo kati yao ni wengi. Hata hivyo gari la umma linalojulikana kuingia uwanjani ni nambari 34, linalotoka katikati ya jiji. Mama wa Juja mwenye mabegi mawili hawezi kwenda mjini kwanza ndipo arudi Embakasi uliko uwanja. Basi moja la kila saa kutoka Ruiru hadi uwanjani kupitia bypass lingetuokolea muda mwingi kuliko injini yoyote mpya ya ndege. Serikali za kaunti za Kiambu na Nairobi zinaweza kukaa meza moja zikalipanga hilo.

Sasa chukua hesabu ile ile ya saa 23 uiongezee kituo. Ndege ya saa tano hadi mji wa katikati, kungoja saa nane au kumi, kisha ndege nyingine ya saa kumi na nne. Saa za mlango hadi mlango zinafika 35 hadi 37. Hizo ni usiku mmoja, mchana mmoja na sehemu ya usiku wa pili bila kulala kitandani. Niliwahi kuifanya. Shirika la ndege, ambalo sitalitaja, lilikuwa limeandikiwa kwamba nahitaji kiti cha magurudumu. Nilipotua katikati ya safari hakuna aliyejua. Lango lilibadilishwa mara mbili, matangazo yalikuwa kwa lugha nisizozielewa vizuri katika kelele, na nilitembea ukumbi mrefu nikiwa nimevimba miguu hadi viatu havikuingia. Nilifika. Siku nne za kwanza binti yangu aliyeniita nimsaidie na mtoto alikuwa akinisaidia mimi. Alikuwa ameokoa pesa kwenye tiketi akazitoa kwa likizo yake ya uzazi.

Uvimbe wa miguu si jambo la kuchekwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu safari ndefu: hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kama mara mbili kwa mtu anayesafiri akiwa ameketi saa nne au zaidi. Kwa mtu mwenye afya bado ni hatari ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Hupanda kwa mwenye unene mwingi au aliyewahi kupata tatizo hilo, na kwa anayesafiri mara kwa mara ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja nayo inataka uangalifu: kiti cha kando ya njia ili mzee asimame bila kuomba ruhusa, maji ya kutosha, kutikisa vifundo vya miguu, na kumwona daktari kabla kama anatumia dawa. Kiti cha kando ya njia mara nyingi hupatikana kwa kuchagua mapema tu. Watoto wetu wanajua kubofya. Wabofye na hapo.

Halafu kuna tarehe. Baadhi ya ndege za kupitia nchi nyingine huondoka Nairobi baada ya saa sita usiku. Tiketi inaandika 00:40, tarehe 12. Kwa hesabu yetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka nyumbani jioni ya tarehe 11. Mzee mmoja wa kanisa letu alifika uwanjani jioni ya tarehe aliyoiona kwenye karatasi, na mabegi yake yamefungwa vizuri, ndege yake ikiwa imekwisha kuruka tangu usiku uliopita. Yeye aliisoma tarehe kama anavyoishi. Waliomkatia ndio waliopaswa kumwandikia: "Toka nyumbani Jumatatu saa moja jioni." Maneno hayo yangetosha.

Najua jibu la vijana, kwa maana nimelisikia mezani kwangu. Tofauti ya bei inaweza kuwa karo ya muhula mzima ya binamu. Kodi ya nyumba huko haingoji. Nakubali, na simwombi mtu anayeosha wagonjwa usiku ajitie deni ili mimi nilale angani. Lakini kuna njia za katikati. Mzazi aende mara moja kwa miaka miwili na akae muda mrefu, badala ya kwenda kila mwaka kwa tiketi ya kumchosha. Ndugu watatu wachange tofauti ile, kama wanavyochanga kwa harusi. Na ikibidi kubadilisha ndege, basi iwe mara moja tu, katika mji ulio karibu na njia, kwa kungoja saa tatu au nne. Saa moja ni kumkimbiza mzee, na saa kumi ni kumlaza kwenye benchi. Tiketi yote iwe chini ya nambari moja. Kuunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti kwa sababu zimeshuka bei kunamlazimu atoe mabegi, apange foleni upya, na viwanja vingine humtaka mwenye pasipoti ya Kenya awe na visa ya kupita tu. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni naye.

Walio na watoto Dallas, Seattle au Minneapolis wataniambia kwamba kwao hakuna ndege ya moja kwa moja. Ni kweli. New York hadi Dallas ni karibu saa nne nyingine angani, na Seattle ni karibu sita. Hao nawashauri wafikirie kumlaza mzazi usiku mmoja kwa jamaa aliye karibu na New York, alale kitandani, ndipo aendelee. Wakenya tumejaa huko. Hakuna aliyekosa mtu wa kijiji chake. Na wakumbuke kwamba kurudi nyumbani, tukielekea mashariki, ndiko mwili hupata taabu zaidi kurekebisha usingizi, hata kama ndege ilikwenda upesi. Msimpangie mzazi mazishi wala harusi ya siku inayofuata kutua kwake.

Kwa maajenti wa tiketi wa Ruiru, Thika na mjini, ombi langu ni la karatasi moja. Mkimuuzia mzee safari, mwandikieni kwa Kiswahili na kwa saa zetu: atoke nyumbani siku gani na saa ngapi, atapanda ndege ngapi, atangoja wapi na kwa muda gani, na atafika kwa mwanawe saa ngapi za Kenya. Mwandikieni pia jumla ya saa zote kwa tarakimu kubwa, juu ya bei. Nanyi wanangu mlio ng'ambo, mnaopanga safari za Desemba sasa, someni jumla hiyo kabla ya kulipa, kisha mpigieni mzazi simu mumuulize kama ataiweza.